Ndoano za Mzee Ngwale

Iko nchi moja, na msiniulize iko upande gani wa ramani, maana ramani zake zote zilipelekwa wizarani kurekebishwa na hadi leo hazijarudi. Inaitwa Jamhuri ya Tengamano. Ni nchi tulivu sana. Raia wake hawana malalamiko yoyote. Ofisi ya Malalamiko ilifungwa kwa kukosa wateja, baada ya wateja wa mwanzo kuingia na kutotoka. Mkuu wa nchi haitwi rais wala mfalme, kwa kuwa majina hayo yana makuu. Anaitwa Mlezi Mkuu, naye huchaguliwa na wananchi wote kila anapotaka.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke wa makamo, Sikudhani binti Mabewa, msoma prufu wa Kiwanda cha Chapa cha Serikali. Kila kilichotaka kuchapwa kilipita kwanza chini ya kalamu yake nyekundu: hotuba, kalenda, ratiba za treni ambazo reli zake zilikwisha kung'olewa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na wenzake walimwona kama mtu asiye na kisa. Hawakujua kwamba ujanani, pale Chuo Kikuu, alisomeshwa falsafa na Hatibu Ngwale.

Ngwale huyo hakuwa na mafundisho, na hiyo ndiyo iliyokuwa ajabu yake. Wanafalsafa wengine huandika kwamba dunia iko hivi na mtu yuko vile. Yeye aliuliza tu. Aliandika vitabu, makala za magazeti na barua kwa wahariri, na kurasa zote zilikuwa maswali, moja likizaa jingine. Mwisho wa yote Wizara ilimstaafisha kwa kosa la kuuliza kupita kiwango. Vitabu vyake vikaondolewa maktabani ili vipuliziwe dawa ya mchwa, na inaelekea mchwa wa nchi ile ni sugu, kwa kuwa dawa bado inaendelea. Mwenyewe akarudi kwao Kivumoni, mji mdogo wa karanga na vumbi, na nchi ikamsahau vizuri kabisa.

Sikudhani hakumsahau. Alimtumia sukari na betri za redio kila alipopata mtu wa kumtuma, na hakumwambia mtu.

*

Mambo yalianzia mezani. Rais wa nchi moja ya mbali, ile inayonunua karanga zote za Tengamano, alikuja kwa ziara ya kirafiki akaandaliwa dhifa. Alipopewa nafasi ya kusema, alisimama na glasi yake ya juisi akasema:

"Nina fahari kusimama katika nchi ya Hatibu Ngwale. Nilimsoma nikiwa kijana, na mpaka leo anaishi kichwani mwangu."

Mawaziri walitazamana, kila mmoja akidhani Ngwale yuko chini ya wizara ya mwenzake. Mlezi Mkuu, ambaye hajawahi kupatikana hana la kusema, akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukampokea kwa shangwe. Kisha akainuka.

"Huyo ni wetu," alisema. "Na ninavyozungumza hapa, Serikali yangu iko katika hatua za mwisho kabisa za kuchapa maandishi yake yote, juzuu baada ya juzuu, kwa karatasi nzito."

Alipoketi alimwinamia Waziri wa Mifugo na Fikra, Mheshimiwa Sifuni Lukindo, akamnong'oneza, "Ngwale ni nani?"

"Nitamtafuta, Mtukufu. Akiwa hai au amekufa?"

"Vyovyote. Mradi awe na juzuu."

Waziri Sifuni alimtafuta. Aliuliza kwanza chama cha mpira, kisha jeshi la polisi, na polisi wakamwambia kwa heshima kwamba jina hilo wanalo lakini hawakumbuki kosa. Hatimaye akafika Kiwanda cha Chapa. Mkurugenzi wa kiwanda, Bwana Mashauri, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliwakusanya wafanyakazi akauliza kama yupo anayemfahamu Hatibu Ngwale. Katika Tengamano kumfahamu mtu ni jambo zito. Kila mmoja akatazama viatu vyake.

"Mimi," alisema Sikudhani. "Alinifundisha."

Waliokuwa karibu naye wakasogeza viti kidogo. Lakini badala ya kukamatwa alipandishwa cheo papo hapo: Mhariri Mkuu wa Mkusanyo Kamili wa Maandishi ya Hatibu Ngwale. Alitoka, akajifungia chooni, akalia kwa furaha, mkono mdomoni ili asisikike.

*

Kivumoni alipokelewa mlangoni na Bi. Mosi, dada yake Ngwale, mwanamke mkavu mwenye ulimi mkali, aliyekuwa akibangua karanga.

"Kama ni mambo ya sensa, tumekwisha kuhesabiwa," alisema Bi. Mosi.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Sikudhani, wa sukari."

"Wa sukari!" Bi. Mosi akaweka ungo chini. "Karibu, mwanangu, karibu ndani. Kaka! Amekuja yule wa sukari!"

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, redio pajani. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe. Sikudhani alimwamkia, na mzee akainamisha kichwa kusikiliza ile sauti.

"Marahaba. Nakujua. Ulikuwa unakaa upande wa dirisha, na ulikuwa hukubaliani na mimi."

"Nilikuwa nakubaliana, Mwalimu. Nilikuwa sisemi tu."

"Na mimi nikadhani unapinga," mzee alicheka. "Unaona hatari ya kunyamaza?"

Sikudhani akamweleza habari aliyokuja nayo: Serikali inataka kuchapa maandishi yake yote. Ngwale akaiweka redio chini.

"Wameyasoma?"

"Bado, Mwalimu."

"Basi fanya haraka, kabla hawajayasoma."

Maandishi yenyewe yalikuwa ndani ya sanduku la bati uvunguni, na hayakulijaza. Bi. Mosi alisimama mlangoni akipangusa mikono isiyokuwa na kitu.

"Ile miaka ya njaa," alisema, "nilikuwa nauza karanga kituo cha mabasi. Karatasi za kufungia sikuwa nazo. Nikachukua za kaka. Kila asubuhi nilimwomba ruhusa, naye kila asubuhi alinipa."

"Na kwa nini nisikupe?" alisema Ngwale. "Mtu alinunua karanga akapata na swali la bure. Chuo Kikuu hakikuwahi kunipa wasomaji wengi kiasi hicho." Lakini mkono wake ulikuwa unapapasa ndani ya sanduku, ukifika chini upesi mno, na Sikudhani akaangalia pembeni.

Alipokuwa anaondoka na sanduku, mzee alimshika kiwiko.

"Sikudhani, sina mtoto. Macho ndiyo haya. Yakishachapwa, njoo unisomee mwenyewe. Nataka kuyasikia yakiwa pamoja, mara moja tu, kabla sijaenda."

Akamwahidi.

*

Kamati ya Taifa ya Maandalizi ya Mkusanyo Kamili ilikutana katika ukumbi wa Wizara ya Mifugo na Fikra, chini ya picha ya Mlezi Mkuu akimkagua ng'ombe. Waziri Sifuni alifungua kikao kwa kuwataka wajumbe wasimame kimya kumkumbuka marehemu.

"Mheshimiwa," alisema Sikudhani, "Mzee Ngwale yuko hai."

Wajumbe wakamtazama kwa lawama. Waziri akashauriana na katibu wake, kisha akatangaza kwamba kwa vile kimya kimo kwenye ajenda, na ajenda imepitishwa, kimya kitakuwapo. Wakasimama. Sikudhani naye akasimama, akimwombolezea mwalimu wake ambaye saa ile pengine alikuwa anakunywa uji.

Baada ya hapo kamati ikaingia kazini, na hakuna anayeweza kusema haikufanya kazi. Ilijadili rangi ya jalada mpaka chakula cha mchana. Ilikubaliana kwamba kitabu kiwe kizito kiasi cha mgeni wa Serikali kukipokea kwa mikono miwili. Iliamua kila waziri aandike dibaji, na dibaji zipangwe kwa vyeo, na kwa kuwa mawaziri ni wengi, juzuu ya kwanza yote iwe dibaji. Picha ya Ngwale haikupatikana. Ikachaguliwa ya bwana mmoja mwenye ndevu na tai, aliyekutwa kwenye kalenda ya zamani, kwa sababu alionekana ni mtu wa kufikiri.

Ndipo Waziri Sifuni alipoomba asomewe kidogo, apate ladha. Sikudhani alifungua ukurasa wa juu, akasoma kwa fahari:

"Je, anayenyamaza amekubali? Je, mtu mwenye njaa anapaswa kushukuru? Je, nchi inaweza kuitwa huru ikiwa raia wake wanaogopa hata kuota?"

Mjumbe mmoja akadondosha kikombe. Waziri Sifuni alitoa leso, akapangusa shingo, akaitazama picha ukutani kana kwamba ng'ombe yule angemsaidia. Kuchapa maneno yale haikuwezekana. Kutochapa haikuwezekana pia. Mlezi Mkuu alikwisha kusema mbele ya mgeni wa karanga, na alichosema Mlezi Mkuu huwa kimekwisha kutokea.

"Mheshimiwa," alisema Bwana Mashauri kwa ile sauti yake ya upole, "naomba niuone huo ukurasa." Akausogeza karibu, akaweka kidole. "Maneno ya mzee ni mazuri mno. Sisi ni nani hata tuyaguse? Hatutagusa hata moja. Tatizo ni hiki kidude hapa mwishoni, hii ndoano. Hii si neno. Hii hata haitamkwi."

"Ni alama ya kuuliza," alisema Sikudhani.

"Ndiyo, dada yangu. Tukiiondoa, tumeondoa neno gani?"

"Na 'je'?" aliuliza Waziri, akianza kupata nguvu.

"Hiyo 'je', Mheshimiwa, ni kikohozi. Mtu anasafisha koo kabla ya kusema."

Waziri akauchukua ukurasa, akausoma mwenyewe bila ndoano wala kikohozi, polepole, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeongoka: "Anayenyamaza amekubali. Mtu mwenye njaa anapaswa kushukuru. Nchi inaweza kuitwa huru ikiwa raia wake wanaogopa hata kuota." Akaweka karatasi chini. "Jamani! Mtu mkubwa kama huyu tulikuwa naye wapi siku zote?"

Wajumbe wakapiga makofi. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. "Kwa nini" ikaamuliwa kuwa ni maneno ya kujazia nafasi. Sentensi ya "Je, wenye nguvu wanaweza kukosea?" ilileta taabu kidogo, kwani bila ndoano ilizidi kuwa mbaya, ikaachwa nje kwa uhaba wa karatasi.

Sikudhani alisimama.

"Mheshimiwa, Mzee Ngwale hakusema haya. Aliuliza."

"Dada," alisema Waziri kwa huruma ya kweli, "mtu akiuliza jambo maisha yake yote, si ina maana analipenda?"

"Basi mimi siwezi. Nirudishieni sanduku, nimrudishie mwenyewe."

Waziri akatikisa kichwa kwa masikitiko. Sanduku lilikwisha kuandikishwa kuwa mali ya Taifa. Kama Mhariri Mkuu amechoka, yupo kijana wa Idara ya Ngozi anayeweza kumalizia. Hakuwahi kusoma falsafa, lakini ana mkono mwepesi wa kufupisha.

Usiku ule na siku zilizofuata Sikudhani alijiambia mengi. Alijiambia kwamba kijana wa Ngozi angekata kurasa nzima. Alijiambia kwamba afadhali maneno yabaki bila alama kuliko alama zibaki bila maneno. Alijiambia kwamba watu wa Tengamano wamezoea kusoma kisichoandikwa, na kila mmoja ataiona ndoano mahali ilipokuwa. Kisha akakaa dirishani kwake kiwandani, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuzitoa, moja moja. Mkono uliofundishwa kuuliza na Hatibu Ngwale ulizitoa zote, wala hakuna iliyomponyoka, kwa sababu alikuwa msoma prufu mzuri.

*

Mkusanyo Kamili ulizinduliwa uwanjani kwa gwaride na ngoma. Mlezi Mkuu aliinua juzuu moja juu kwa mikono miwili, akamtangaza Ngwale kuwa Mwanafalsafa wa Makubaliano. Mwandishi mwenyewe hakualikwa, kwa sababu kitengo cha itifaki kilishindwa kujua akae wapi. Hakuna kiti cha watu ambao wamekwisha kusimamiwa kimya. Waziri wa Mifugo na Fikra akaagiza kwamba shule zote za nchi zikariri sentensi za Ngwale kila asubuhi, na atakayezipotosha achukuliwe hatua.

Sikudhani alipanda basi kwenda Kivumoni na juzuu zote ndani ya mfuko wa turubai. Njia nzima alipanga namna ya kumwambia. Lakini mzee alipozipokea mapajani, akazipapasa migongo, akazinusa, akacheka peke yake kama mtu aliyeonyeshwa mjukuu, Sikudhani akaliahirisha.

"Nisomee," alisema Ngwale.

Akafungua. Macho yake yaliona kilichochapwa, lakini sauti, ilipofika mwisho wa sentensi, ikapanda. "Anayenyamaza amekubali?" Akaendelea. "Mtu mwenye njaa anapaswa kushukuru?" Kila mahali alipokuwa ametoa ndoano kwa mkono, alirudisha kwa koo. Ngwale alisikiliza kichwa kikiwa nyuma, akitabasamu, mara nyingine akimsimamisha ili ajibishane na mtu aliyekuwa yeye mwenyewe zamani. Bi. Mosi alisema hajamwona kaka yake akila vizuri kama wiki ile.

Ilikuwa wiki ya raha, na Sikudhani aliishi ndani yake kama mwizi.

Jumatatu, shule ya jirani ilifunguliwa baada ya likizo. Mapema asubuhi, upepo ukaleta sauti za watoto gwarideni, wakipaza kwa pamoja:

"Anayenyamaza amekubali! Mtu mwenye njaa anapaswa kushukuru!"

Ngwale akashusha kikombe. "Hayo si ni maneno yangu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbona wanayasoma vibaya? Hebu nipeleke nikawarekebishe."

"Hawakosei," alisema Sikudhani. "Ndivyo yalivyochapwa. Hakuna maswali kitabuni, Mwalimu. Niliyatoa. Nilikuwa nakusomea kwa kichwa."

Bi. Mosi aliacha kuchochea moto. Mzee aliendelea kuelekeza uso wake kwa Sikudhani, na yale macho meupe yalikuwa mabaya kuliko macho yanayoona.

"Yote?"

"Yote."

"Yalikuwa mengi," alisema Ngwale taratibu. "Lazima mkono ulikuuma."

Sikudhani angependa kutukanwa. Mzee hakumtukana. Alitafuta fimbo yake, akasema, "Nipeleke hivyo hivyo."

Akampeleka. Mbele ya gwaride Ngwale alisimama akitweta, akawaambia watoto kwamba lile walilolisema ni swali, na swali halipazwi kwa pamoja; kila mtu analiuliza kivyake. "Ninyi mnaonaje?" aliwauliza. "Mwenye njaa anapaswa kushukuru?" Watoto wakamtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa baba wa familia, mtu mwema, na jasho lilikuwa linamtoka. Alimwomba mzee aondoke, akamwita babu, akamsindikiza hadi getini. Kisha akaingia ofisini akapiga simu.

*

Baraza la Usahihi wa Maneno la Wilaya lilimwita Ngwale kwa shitaka la kupotosha maandishi ya Hatibu Ngwale mbele ya wanafunzi. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa na juzuu zote mezani, zimefungwa utepe.

"Wewe mzee," alisema Mwenyekiti, "umesomea wapi hata umpinge mtu kama Ngwale?"

"Simpingi. Mimi ndiye Ngwale."

Mwenyekiti akafungua utepe, akatafuta picha. "Ngwale ana ndevu na tai. Wewe una kanzu na huna ndevu."

"Macho yangu hayaoni. Huyo hapo anafananaje?"

"Anafanana na mtu anayejua anachosema."

Watu waliokuja kutazama wakacheka. Bi. Mosi akasema kwa sauti kwamba yeye alimbeba huyo Ngwale mgongoni kwenda kwa mganga alipovunjika mguu, akaonywa asiingize mambo ya familia kwenye falsafa. Ndipo Sikudhani alipoitwa, kama Mhariri Mkuu, kutoa ushahidi wa kitaalamu.

"Katika Mkusanyo Kamili," aliuliza Mwenyekiti, "sentensi hizi zina alama ya kuuliza?"

"Hazina."

"Ahsante. Unaweza kukaa."

"Hazina kwa sababu nilizitoa mimi," alisema Sikudhani, na safari hii alisema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia tangu azaliwe. "Mzee huyu ndiye Ngwale. Kila sentensi aliyoiandika ilikuwa swali. Kitabu hicho hapo mezani ni kazi yangu mimi, si yake."

Mwenyekiti aliinua mkono, na karani akaacha kuandika. Baraza, alieleza kwa upole, husikiliza kilichomo kitabuni. Kisichomo hakina pa kuandikwa. Kisha akatoa uamuzi. Kwa kuhurumia umri wa mshitakiwa, hatafungwa. Ila amepigwa marufuku kumtaja, kumnukuu au kumweleza Hatibu Ngwale mahali popote penye watu.

Mshitakiwa aliuliza kama anaruhusiwa kumfikiria. Mwenyekiti akasema suala hilo litapelekwa wizarani.

*

Sikudhani hakurudi mjini. Barua ya kumwachisha kazi ilimfuata huko huko, ikiwa na makosa ya tahajia ambayo hakuyasahihisha. Alikaa na wale wazee wawili, akimsaidia Bi. Mosi karanga, na mchana, baada ya kula, alifungua juzuu za Ngwale na kurudisha ndoano kwa kalamu, ukurasa kwa ukurasa. Waziri alikuwa na nakala kwenye kila shule ya nchi, naye alikuwa na hii moja. Alirudisha, kisha akasoma, na Ngwale akasikiliza. Siku hizo mzee alikuwa hatoki kitandani. Alikuwa amepungua sana tangu siku ya Baraza, na hakubishana tena na maandishi yake.

Lilibaki andiko moja, fupi, mwishoni kabisa mwa juzuu ya mwisho. Ngwale aliliandika mwaka aliofiwa na mkewe. Nuhaila alikufa kwa homa miezi michache baada ya wao kufukuzwa mjini, hapa hapa Kivumoni ambako hakutaka kuja, wakati mumewe anazunguka kutafuta gari la kumpeleka hospitali, na watu wenye magari wakiogopa kuonekana naye. Kila walipolikaribia andiko hilo, mzee alisema, "Hilo liruke." Sikudhani aliliruka. Alikwisha kulipitia kwa kalamu nyekundu siku zile za kiwandani, na hakutaka kulikumbuka.

Alasiri moja, mvua ikiwa imetulia, Ngwale alisema, "Lile la Nuhaila. Lisome leo."

"Ngoja kwanza nilirudishie alama zake, Mwalimu."

"Usirudishe kitu. Lisome walivyolichapa."

Sikudhani alimtazama Bi. Mosi. Bi. Mosi alitazama ungo wake. Sikudhani akafungua ukurasa ule, ambao ulikuwa safi, hauna hata doa moja la wino wake, akasoma:

"Nuhaila ananisikia ninapomwita. Amenisamehe kwa kumleta huku. Waliotangulia wanatungoja. Tutaonana tena, naye atanijua."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati. Mzee alikuwa amefumba macho yake yasiyoona, na machozi yalikuwa yanateremka kuelekea masikioni, naye hakuyafuta.

"Miaka yote hii nimeuliza hayo," alisema. "Hakuna aliyewahi kunijibu."

"Hilo si jibu, Mwalimu," alisema Sikudhani. "Ni mimi tu, na kalamu yangu."

"Najua," alisema Ngwale. "Najua, mwanangu. Soma tena."

Akasoma tena. Sauti yake, kwa mazoea, ilitaka kupanda mwishoni mwa kila sentensi. Akaishusha.